Ndugu yangu yuko mochwari Durban kwa jina lisilo lake

BARUA

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Newala, mkoa wa Mtwara. Kwetu tumezaliwa wanne, mama mmoja. Ninayekuandikia habari zake ni kitinda mimba wetu. Aliondoka mwaka 2014 kwenda Sauzi kwa njia ya Msumbiji, yeye na vijana wenzake. Alifikia Durban, akaanza kwa kuuza vitu barabarani, baadaye akawa kinyozi. Pesa alikuwa anatuma. Si nyingi, ila mama hakuwahi kukosa dawa za presha.

Hii ni wiki ya pili tangu tupigiwe simu kwamba amefariki. Rafiki yake anasema alianguka chumbani usiku, wakaita gari la wagonjwa, likafika ameshakata roho. Kwa kuwa hakufia hospitali na hakuwa na ugonjwa unaojulikana, polisi walikuja na mwili ukapelekwa mochwari ya serikali. Tangu hapo sipati jibu linaloeleweka. Nikipiga simu naambiwa, "Dada, mambo ya huku magumu." Juzi ndipo yule rafiki akanieleza ukweli. Mdogo wangu alikuwa anaishi kwa karatasi ya ukimbizi yenye jina jingine, ameandikishwa kama Mrundi, na mochwari yupo kwa jina hilo. Marafiki zake nao hawana karatasi, wanaogopa kwenda kumtambua wasije wakakamatwa.

Kuna jingine. Yuko mwanamke wa huko, Mzulu aliyesilimu, anasema ni mke wa nikaha na wana mtoto wa kike wa miaka minne. Mimi mdogo wangu aliwahi kunitumia picha ya mtoto, lakini kwa mama na mjomba hakusema kitu. Huyo mwanamke hunipigia simu, tunazungumza kwa Kiingereza changu hiki cha shule. Anataka mumewe azikwe huko huko, mtoto awe karibu naye. Mjomba akisikia habari zake anawaka. Anasema huyo ni hawara, anatafuta mali, na pengine ndiye aliyemuua.

Unajua kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Ameshaamua mwili uje. Anasema kijana wa ukoo hawezi kutupwa ugenini, watu watatucheka. Gharama tumetajiwa kwa mdomo tu na yule rafiki, na ni pesa ambayo sijawahi kuishika. Michango ya majirani, walimu wenzangu na msikiti haijafika hata robo. Huu si msimu, korosho bado maua, hakuna mwenye pesa. Sasa mjomba amezungumza na mtu wa kangomba ampe pesa leo, kisha msimu ukifika achukue korosho zote za shamba la mama kwa bei yake yeye. Na mimi anataka nikope benki kwa dhamana ya mshahara.

Imamu wetu alisema kwa upole kwamba sheria haipendi maiti asafirishwe. Mjomba akamjibu kuwa imamu hana mtoto Sauzi. Kaka yangu yuko upande wa imamu, na sasa yeye na mjomba hawasalimiani. Mama haingii katika maneno yao. Amekaa mkekani, na neno lake ni moja tu: "Mwanangu amelala wapi?"

Wote wananitazama mimi kwa sababu nimesoma na ndiye mwenye simu ya maana. Nifanye nini, Bi Mshauri? Nianze wapi?

Dada wa Marehemu, Newala

JIBU

Marahaba, mwanangu. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun. Mwenyezi Mungu amrehemu mdogo wako na ampe mama subira. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine, na waliokuwa wakingoja zamu watanielewa.

Hapo nyumbani mnagombania wapi azikwe. Swali hilo mtalifikia. Lakini lipo la kabla yake ambalo hakuna aliyelishika: pale Durban hakuna anayejua kuwa mwili ule ni wenu. Kwenye daftari la mochwari yupo mtu wa nchi nyingine ambaye hakuna ndugu aliyekuja kumwulizia. Mwili wa namna hiyo hauwekwi milele. Muda ukipita, mamlaka za mji humzika kama mtu asiye na jamaa. Hapo mjomba atakuwa hana mwili wa kuleta, na yule mama wa Kizulu atakuwa hana kaburi la kumpeleka mtoto. Kwa hiyo anza na jina.

Ubalozi wetu Afrika Kusini uko Pretoria. Kutoka Durban ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo usitegemee ofisa atatoka leo akasimame mochwari. Piga simu, kisha andika barua pepe siku hiyo hiyo ili maneno yako yabaki mahali. Eleza majina yote mawili, la kwetu na la kwenye karatasi ya ukimbizi, tarehe aliyofariki, mtaa aliokuwa akiishi na mochwari ulipo mwili. Najua utasita kutaja lile jina la Kirundi ukidhani unamwaibisha au unamtia hatiani. Usilifiche. Marehemu hashitakiwi kwa karatasi. Ukilificha, ofisa ataulizia jina la Newala pale mochwari, ataambiwa hakuna mtu huyo, na faili litafungwa.

Wakati huo huo kusanya ushahidi kwamba ni mtoto wa hapo. Kwa mtendaji wa kijiji au kata utapata barua ya utambulisho wa familia. Tafuta cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba, kadi ya mpiga kura, pasipoti ya zamani hata kama imekwisha muda, namba ya NIDA kama aliwahi kuandikishwa. Alama za vidole zilizochukuliwa huku zinaweza kulinganishwa na za mwili kule, na huo ni ushahidi mzito. Halafu iandaliwe hati ya kiapo mbele ya hakimu au wakili, iseme kwamba aliyekuwa akiitwa jina fulani Durban ndiye fulani bin fulani wa Newala, na iambatane na picha zake za huku na za huko. Aape mjomba. Nitakueleza baadaye kwa nini nataka awe yeye. Ofisi ya Mkuu wa Wilaya nayo iarifiwe, ikusaidie kulifikisha jambo Wizara ya Mambo ya Nje, Dodoma. Mwalimu akiwa na barua ya Mkuu wa Wilaya mkononi, simu zake hupokelewa tofauti.

Sasa, huyo mwanamke. Nasema wazi na mjomba asinichukie: kwa jinsi mambo yalivyokaa, huyu ndiye mtu pekee mliye naye Durban. Marafiki wa marehemu wanaogopa mlango wa mochwari, na hofu yao naielewa. Yeye ni raia wa pale, ana kitambulisho, anaweza kusimama dirishani akasema "ninamtambua" na asikamatwe. Anajua kovu lake liko wapi. Anajua majina yote mawili. Nyinyi mnamwita hawara, na bila yeye hamna hata wa kuwafungulia lile droo la chuma.

Kama nikaha ilifungwa, basi lipo la kuonyesha. Yuko imamu aliyeifunga, wako mashahidi, pengine ipo karatasi ya msikiti. Muombe kwa heshima akutumie picha ya hiyo karatasi na namba ya imamu. Ikithibitika, yule ni mjane wa mdogo wako na yuko edani, miezi minne na siku kumi kama mjane yeyote wa Newala. Mwambie mjomba hivyo hivyo. Na mbele ya ofisi za kule mjane husikilizwa. Ukoo ukimvuta mwili huku na mke akiuvuta kule, kesi hiyo inaweza kuuweka mwili kwenye barafu miezi.

Muulize jambo moja zaidi ambalo watu wa huku hawalijui: bima ya mazishi. Afrika Kusini hata wenye kipato kidogo hulipia bima hiyo kila mwezi, au huwa ndani ya vyama vyao vya kuzikana. Huenda alimwandikisha mumewe. Ikiwa ni hivyo, sehemu kubwa ya mzigo imepata mbebaji, ila watataka kujua kwa nini jina la bima na la kiapo hayafanani, ikiwa hayafanani. Ndiyo maana nasema jina kwanza.

Hilo la kwamba pengine yeye ndiye aliyeua, mjomba aliache kwa wanaohusika. Afrika Kusini kifo cha ghafla kisichojulikana sababu yake ni lazima kichunguzwe, kwa sheria yao ya mwaka 1959. Mwili hupasuliwa na daktari wa serikali, na familia haiwezi kukataa. Lakini elewa hili lisije likawavunja moyo: uchunguzi wa mwili ukiisha, mwili unaweza kutolewa kwa wenyewe hata kama majibu ya maabara hayajatoka, na majibu hayo yanaweza kuchelewa sana. Msikae mnasubiri "sababu ya kifo" ndipo mzike.

Nije kwenye ugomvi wenu. Mimi ningemzika Durban.

Imamu wenu hakusema neno la kubuni. Pwani yetu hii tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na humo kumhamisha maiti kabla ya kuzikwa, kutoka mji aliofia kwenda mji mwingine, wanazuoni wamekuchukia, na wapo waliokuharamisha kabisa, isipokuwa aliyefia karibu na Makka, Madina au Baitul Maqdis. Mashahidi wa Uhud, watu wao walipotaka kuwarudisha Madina, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamuru wazikwe pale pale walipouawa. Wale hawakutupwa. Naomba mjomba alisikie hilo kutoka kinywani mwa imamu, tena faraghani, maana mbele za watu mzee hawezi kurudi nyuma.

Na Durban si jangwa. Waislamu ni wengi, misikiti ni mingi, pale katikati ya mji upo Msikiti wa Juma wa Grey Street, miongoni mwa misikiti mikubwa kusini mwa Afrika. Wana watu wa kuosha, kukafini na kuzika kwa taratibu tunazozijua. Tena nikwambie la ajabu. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza waliwashusha Durban watu waliowatoa kwenye majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, damu moja na Wamakua wa Masasi na Nanyumbu. Kule waliitwa Wazanzibari. Vizazi vyao wapo mpaka leo, wengi mtaa wa Chatsworth, ni Waislamu, na wapo wazee ambao bado wanasema Kimakua. Mdogo wako akizikwa na Waislamu wa mji ule hazikwi na watu wasiojua alikotoka. Mwambie mjane aulize kupitia imamu aliyewaozesha.

Mkikubaliana hivyo, fanyeni kwa ukamilifu. Jina la kweli liwekwe kwenye kaburi. Namba ya kaburi na eneo vitumwe kwa maandishi, si kwa kusimuliwa. Durban ina uhaba wa ardhi ya kuzikia, na manispaa huweza kulitumia kaburi tena baada ya miaka, kwa hiyo ulizeni masharti ya makaburi hayo mapema na kama kuna ada. Maziko yapigwe picha, mama ataomba kuziona hata kama leo anasema hawezi. Hapo Newala isaliwe sala ya ghaibu, kama Mtume alivyomsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi aliyefia kwao. Kisha kaeni matanga kamili, msome hitima, watu walete ubani wao. Michango mliyokwisha kukusanya, baada ya kuwaeleza waliochanga, itumike kwa mazishi ya huko, na kinachobaki kiende kwa yatima. Waliotoa hawatacheka.

Lakini si mimi niliyemzaa. Mwanangu, soma tena barua yako. Mama yako anauliza mwanawe amelala wapi. Hajasema aletwe. Mjomba amelisikia swali hilo kama amri ya kuleta mwili, kaka yako amelisikia kama kilio, na hakuna aliyelijibu. Kaa naye peke yake, wanaume wakiwa msikitini, umwambie yote. Mwambie mochwari ni ipi na mwili uko salama. Mwambie habari ya jina. Mwambie ana mkwe, na ana mjukuu wa miaka minne, umwonyeshe ile picha uliyomficha. Atalia upya, na pengine atakukasirikia. Halafu muulize anataka nini, umwache afikiri hadi kesho yake. Akisema "azikwe na Waislamu wenzake, mradi nijue kaburi," kazi ya mjomba imekwisha. Akisema "mleteni alale kwenye udongo wa kwetu," basi hilo nalo ni neno la mama, na wapo wanazuoni wanaoona kusafirisha ni jambo lisilopendeza tu, si haramu. Sitamhukumu mwanamke aliyezaa.

Akisema aletwe, sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo familia zinapoangamia.

Msilipe bei ya mdomo. Mjane, au ubalozi, awatafutie kampuni mbili tatu za mazishi zenye leseni ya kusafirisha miili nje ya nchi, kila moja iandike bei na iandike inagharamia nini. Je, bei inahusu kuchukua mwili mochwari? Kuuhifadhi kwa dawa, jeneza la safari lenye bati la zinki ndani, vibali, gari la kwenda Johannesburg ikiwa ndege ni ya huko, na nauli yenyewe? Mwili husafiri kama mzigo na hulipiwa kwa kilo, na jeneza lile ni zito, pamoja na sanduku la nje mnaweza kupita kilo mia bila kutegemea. Kuosha na kukafini kufanywe huko huko kabla jeneza halijafungwa kabisa. Likifika Newala halifunguliwi, na hilo mama alijue tangu sasa, asije akangoja kuuona uso wa mwanawe halafu akaambiwa haiwezekani mbele ya umati.

Karatasi zitakazoandamana na mwili ni cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhi mwili kwa dawa, kibali cha Wizara ya Afya ya kule cha kuutoa mwili nchini, hati ya mzigo ya shirika la ndege, pamoja na pasipoti au barua ya ubalozi wetu inayomtambua kuwa Mtanzania. Unaona tena kwamba bila jina la kweli hata karatasi ya kwanza haitoki. Dar es Salaam awepo mtu wenu uwanja wa ndege, mwenye kitambulisho na nakala za hizo karatasi, aonane na watu wa afya na forodha. Msimtume na gari dogo kama Noah. Lile sanduku haliingii.

Toka hapo mpaka Newala ni zaidi ya kilomita 600. Gari, mafuta, dereva wa pili, chakula cha wasindikizaji, vyote hivyo watu huvisahau wakidhani gharama imeishia kwenye ndege. Na muangalie mvua. Mwaka 2024, mwezi wa tano, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara pale Somanga, wilaya ya Kilwa, kusini yote ilifungiwa, hata wenye misiba.

Bei ikishajulikana kwa maandishi, ndipo muulizane kama mnaiweza. Chagueni watu watatu washike michango, mmoja awe nje ya familia, na pesa ilipwe moja kwa moja kwa kampuni ipate risiti. Isipite mikononi mwa rafiki yeyote, hata awe mwaminifu kiasi gani. Sisemi yule kijana ni mwizi. Nasema pesa ya msiba ikipita mkono mmoja, inaacha maneno ya miaka.

Kuhusu kangomba, jibu langu ni hapana, hata mama akitaka mwili uje. Mwenye kangomba hampi mtu pesa kwa huruma ya msiba. Anamkuta mama wa watu analia, anamnunulia korosho zikiwa maua kwa bei ya kutupa, halafu mnada wa ghala unakuja na yeye ndiye anayecheka. Tena ni biashara iliyopigwa marufuku. Msimu wa 2018/2019, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mnakumbuka watu wa kangomba walivyoandamwa. Zile korosho ndizo dawa za presha za mama yako sasa, kwa kuwa aliyekuwa akinunua dawa hizo ndiye huyo mnayetaka kumzika. Mkizitoa, mwezi wa kumi mama atakuwa na kaburi la mwanawe karibu na hana cha kumezea chumvi. Na mkopo wa mshahara vilevile usiuchukue kwa shinikizo. Kama una kiasi ulichonacho, kitoe. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, lakini mfiwa huanza kwa alichonacho.

Mjomba nimemgusa sana, na sitaki umwone kama adui. Mzee anaona aibu na anaona uchungu, na hajui kuutoa uchungu isipokuwa kwa kuamuru. Msimpitie pembeni. Mtafute mzee mwenzake wa ukoo, mtu anayemheshimu, aende pamoja na imamu, wazungumze naye nyumbani kwake. Na mpeni kazi halisi. Kiapo aape yeye, ukoo umtambue kijana wao kwa kinywa chake mbele ya hakimu. Yeye ndiye azungumze na imamu wa Durban kwa simu, mwanamume kwa mwanamume, aulize habari ya nikaha. Mtu aliyemtambua marehemu kwa kiapo na kusikia kwa masikio yake jinsi alivyooa na kusali na watu wa kule, itamwia vigumu kusema ametupwa. Kaka yako naye aende amwangukie mjomba kwa lugha kali aliyotumia, kama aliitumia. Kuwa upande wa sheria hakumpi ruhusa ya kutomwamkia mjomba wake.

Mtoto msimjadili leo. Ni wa nani, atalelewa wapi, anarithi nini, hayo yana wakati wake na yana watu wake, kadhi na mahakama. Leo mpigie mama yake simu umuulize mtoto amekula.

Cheti cha kifo kikitoka, hakikisha kina jina la kweli na tarehe ya kweli kabla mtu hajaondoka dirishani. Kosa la herufi moja ni rahisi kulirekebisha siku ile, na ni mateso mwaka ukipita. Ombeni nakala halisi zaidi ya moja. Moja ibaki kwa mjane kwa ajili ya mtoto, nyingine ije kwenu, maana mirathi ikifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, au mkihitaji kwenda RITA, kwa wasajili wa vizazi na vifo, hicho ndicho kitakachoulizwa kabla ya neno lolote.

Anza na simu mbili, ya ubalozi na ya mjane, halafu nenda kwa mtendaji kabla hajatoka ofisini. Ukikwama kwenye kiapo niandikie, nitakuelekeza kinavyopaswa kusomeka.